Dereva Aliyelala na Viatu Miguuni

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kulala. Nilifika asubuhi kwenye ateliye ya matela, yaani karakana ya magodoro, pale mtaa wa Vulamba, Butembo, nimejifunga kitenge alichokipiga pasi mama yangu, mkononi nimeshika mkasi wangu mwenyewe ili waone kwamba nimekuja kushona. Mwenye ateliye alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nzito, na sote tulimwita Patron tu. Aliutazama ule mkasi, akautazama na uso wangu, kisha akanyoosha kidole kuelekea matela zilizopangwa sakafuni.

"Jina yako?"

"Kahindo."

"Bon, Kahindo. Weka ile mukasi chini. Panda pale, lala, funga macho. Kiisha utaniambia wapi iko mubaya."

Wanaume waliokuwa wakichambua sufi, yaani kuinyambua ile pamba nyepesi ya mti kwa vidole mpaka ivimbe, waliacha kazi wakanikodolea macho. Nilikuwa msichana niliyejua njia ya kanisani na ya shuleni tu. Kulala mbele ya wanaume nisiowajua lilikuwa jambo la kunitoa jasho. Patron akawageukia.

"Na ninyi? Hamuyaonaka mutu analala?"

Wakainama, nami nikalala. Matela ya kwanza sikusikia kitu. "Usitafute na kichwa," Patron akasema. "Sikia na mugongo." Nilipohamia ya pili, nikasikia chini ya kiuno kitu kigumu kama kiazi. Nikamwambia. Akaingiza mkono ndani ya kitambaa, akatoa donge la sufi lililoshikana, akaliweka kwenye kiganja changu.

"Ile donge, mutu akiilalia mwezi moja, atagombana na bibi yake ya ndoa na hatajua ju ya nini."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini.

Ninyi vijana mnanunua matela imefungwa ndani ya nailoni, imeshuka kwenye lori, mnaipandisha kichwani mpaka nyumbani, basi. Wakati wetu matela ilishonwa kwa ajili ya mtu. Patron alimhoji mteja kama mganga: unalala upande gani, unalala na mtoto, mgongo unauma asubuhi au jioni, chumba kina dirisha? Kisha tulikata kitambaa kigumu cha mistari, tukashona mfuko mkubwa, tukauacha wazi upande mmoja, tukaujaza sufi kwa mwenye uwezo, au majani yaliyokaushwa vizuri kwa wengine. Kazi ngumu ilikuja mwishoni. Ulipitisha sindano ndefu kama mkono wa mtoto kutoka juu hadi chini, ukafunga uzi pande zote mbili, ili sufi isihame na kurundikana pembeni. Vile vishimo mnavyoviona juu ya matela za zamani ndivyo hivyo. Sisi tuliviita vitovu.

Kwa sababu ya sindano ile, Patron alikuwa na sheria moja isiyobishaniwa: mwenye macho mazito haigusi. Alipoona mmoja wetu amefika uso umevimba, hakumtukana. Alimpa ufagio. Saa ya chakula alikaa karibu naye na kuuliza polepole, "Kwako kuko nini?" Hapo ungesikia mambo: mtoto ana homa, baba mkwe amekuja kutembea na hataki kuondoka, au mtu amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mpaka jogoo wakawika. Patron aliamini kwamba asiyelala vizuri hubeba kila taabu mara mbili, mara moja inapotokea na mara nyingine kitandani. Yeye mwenyewe, baada ya kula, alifunga mlango wa mbele akapumzika kidogo, na mteja aliyebisha alibisha mpaka akachoka. Jioni hakugusa kahawa, ijapokuwa kahawa iliota mpaka nyuma ya ateliye.

"Kahawa ni ya asubuhi," alisema. "Kahawa ya jioni ni ya batu benye habana nyumba."

Alimaanisha watu wasio na nyumba ya kurudi kulala. Mimi nilidhani hizo ni tabia za uzee tu. Nilizishika kwa sababu yeye alizishika, na kwa sababu nilimpenda.

Nilikaa naye mpaka nikajua kusoma matela. Ndiyo, matela inasomwa. Mtu akiilalia kwa muda, mwili wake unabaki pale. Unaona mahali bega linapoingia, unaona mama anayenyonyesha analala ukingoni ili mtoto apate katikati, unaona mume na mke waliogombana, kila mmoja amechimba shimo lake mbali na mwenzake. Wateja walipoleta matela kufunguliwa na kujazwa upya, Patron alinisimamisha juu yake akasema, "Soma." Nilisoma. Nilipokosea alicheka mpaka akashika kiuno.

Siku moja akaniita.

"Kahindo, unaenda Beni. Tunafungua mulango kule mutaa ya Beu. Utakuwa chef d'atelier, mukubwa wa mafundi."

"Na nani atakuwa mukubwa wangu?"

"Gérant. Ni kijana, anajua bei. Weye unajua kulala. Musipigane."

Tulipigana kila siku. Gérant, yaani meneja wa duka, alikuwa kijana wa shati jeupe na haraka nyingi, aliyetaka matela itoke leo, si kesho. Lakini aliniletea uji niliposhikwa na malaria, nami nilimshonea mto wa harusi yake. Tulipendana kama mkwe na mama mkwe wanavyopendana, kwa kelele. Wakati huo sponji, au mousse kama tunavyosema, ilikuwa imeanza kuja kwa wingi. Tulijifunza kuikata kwa kisu kirefu, kubandika tabaka laini juu ya tabaka gumu, na kushona kitambaa juu yake. Tulipeleka matela mpaka Mangina, upande wa Mabalako, kwa wakulima wa kakao walionunua baada ya mavuno na kutuaga na ndizi za kupika zilizojaa gari.

Kisha ikaja miaka ya hofu, ya wenye silaha waliovizia barabarani na vijijini. Sitaisimulia. Walioipitia wanaijua, na wasioipitia hawana haja ya kuisikia kutoka kwa mshona matela. Nitasema tu niliyoyaona kazini. Watu walikuja kutaka matela nyembamba, ya kukunjika haraka na kubebeka kichwani, tukaanza kuzishonea kamba za kufungia. Mama mmoja aliniomba matela "isiyokuwa muzuri sana," kwa sababu aliogopa kulala mno. Nilimshonea, lakini mikono yangu haikupenda kazi ile.

Katika miaka hiyo ndipo Papa Amisi alipoingia dukani.

Alikuwa dereva wa taksi-bisi kati ya Beni na Butembo, mtoto wa ukoo wa Kiislamu wa pale Beni, ambao baba na wajomba wote walikuwa watu wa magari. Mji mzima ulimjua kwa utani. Alichagua matela kubwa ya sponji, akaipiga kofi kama mtu anayepiga ng'ombe sokoni, akasema bibi yake, yaani mkewe, ataringa. Haukupita muda akarudi nayo juu ya gari.

"Mama Kahindo, matela yako iko mubaya. Siko nalala."

Nilimpa nyingine. Akairudisha. Nikampa ya tatu, ngumu zaidi, niliyoishona mwenyewe kwa mkono. Hiyo nayo ikarudi. Safari hii hakufanya utani. Macho yalikuwa mekundu, na aliposaidia kuishusha, ilimponyoka mara mbili.

Gérant alinivuta pembeni. "Ule papa anatucheza. Anataka kulalia matela ya dukani ya bure mpaka mwaka inaisha. Mwambie basi, hapana tena."

"Ngoja kwanza niisome," nikasema.

Niliitandaza uani, kwenye jua. Upande wa bibi yake ulikuwa wa kawaida, bega na kiuno mahali pake. Upande wa Papa Amisi, katikati palikuwa papya kama siku ilipotoka mikononi mwangu. Lakini ukingoni, karibu na mahali pa mto, sponji ilikuwa imelala chini kabisa, na pale mguuni kitambaa kilikuwa na michirizi ya udongo mwekundu. Nilikaa kitako nikaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mutu halale," nikamwambia Gérant. "Huyu anakaa."

Kesho yake mchana nilikwenda kwake. Bibi yake, Mama Zaina, alinikaribisha sebuleni. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya matela, alianza kuomba msamaha, halafu katikati ya maneno akaanza kulia.

Alisema hivi. Siku moja gari la rafiki wa mume wake lilitangulia mbele barabarani, na yeye Amisi akafuata nyuma kidogo. La mbele likashambuliwa. Amisi aligeuza, akawarudisha abiria wake wazima mpaka Beni, watu wakamsifu kama shujaa. Tangu siku ile hakuvua viatu. Alipanda kitandani navyo, suruali na mkanda, akakaa ukingoni, simu mbili mkononi, akiuliza madereva wenzake habari za barabara. Pembeni aliweka chupa ya chai kali, eti imsaidie kukesha. Kukipambazuka alishika usukani. Kwa watoto, yeye aliyekuwa akiwabeba mabegani, alipiga kelele hata kijiko kikianguka.

"Na wiki iliyopita," Mama Zaina akasema, "alisinziaka kwenye kona. Koko moja, muzee mwenye alikuwa nyuma yake, alimupiga kwa bega na kupiga kelele, njo akaamuka. Mama, gari ilikuwa imejaa batu. Yeye mwenyewe alinieleza. Na bado anasema ni matela."

Alinionyesha chumba. Kilikuwa safi, lakini hakikuwa chumba cha kulala tena. Kilikuwa kama kituo cha polisi: waya za simu, redio, chupa ya chai, begi lililofungwa tayari. Nilikumbuka Patron na maswali yake, nikaona aibu kidogo kwamba nilimuuliza mtu huyu ukubwa wa kitanda tu.

Mimi ni mshonaji, si mganga. Kwa hiyo nilikwenda kwa Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya tulichokishonea matela za wodi ya wazazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kujibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, huyu haogope ovyo," akasema. "Ana sababu. Mais lakini mwili wake umesahau kwamba kitanda ni ya kulala. Anajua ni pahali pa kulinda. Inafaa tumufundishe tena, polepole, kama mutoto."

Akanieleza. Chai kali ikome baada ya swala ya adhuhuri. Simu zilale sebuleni. Mambo ya kuogopesha yazungumzwe mapema, yeye na bibi yake, kwenye viti, kabla ya chakula cha jioni, kisha yaachwe pale. Akiwa kitandani na usingizi ukakataa, asipigane nao. Ainuke, akae kwenye kiti mpaka macho yawe mazito, ndipo arudi. Na aamke saa ileile kila siku, hata kama amelala vibaya. "Kwa ile ya mwisho hatakuwa na shida," Titulaire akasema, "ju yeye anaamukaka kuswali alfajiri. Tayari iko na musumari wa kufungia kamba." Lakini jambo moja hakulilegeza: usukani, hapana, mpaka usingizi urudi. Na ikiwa majuma yatapita bila nafuu, aletwe, kwani hospitalini kulikuwa na mtu aliyesomea kusikiliza watu wa namna hiyo.

Nilirudi kwa Papa Amisi alasiri, alipotoka kwenye parking, kituo cha magari ya abiria. Aliponiona kwenye kiti chake alijaribu utani wake wa zamani.

"Eh! Leo matela imekuya na mwenye kuishona!"

"Papa Amisi, sitakupatia matela ya ine."

"Ju ya nini?"

"Ju hauyalala hata kwa ya kwanza."

Uso wake ulibadilika. Nilimweleza nilichosoma uani, pale ukingoni na pale mguuni, kisha nikamweleza maneno ya Titulaire. Alisikiliza huku anatikisa goti. Nilipofika kwenye usukani, akasimama.

"Nilikuya kununua matela, Mama, sikukuya kutafuta masomo. Miye ni dereva. Ukinitoa kwa usukani unanitoa kwa batu."

"Ule koko wa kwenye kona naye ni mutu," Mama Zaina akasema taratibu.

Aliangalia mlango, akaangalia miguu yake. Sauti iliyotoka haikuwa ya yule mtani wa parking.

"Mais nikitoa biatu, Mama, bakikuya, nani atabeba batoto?"

Nakiri kwamba nilikuwa nimekuja na maneno ya Titulaire kichwani, yamepangwa vizuri, na hakuna hata moja lililolingana na swali lile. Aliyejibu ni mke wake.

"Utababeba na mikono gani? Jana umeshindwa kubeba kikombe." Alimsogelea, akamshika mkono. "Leo miye njo nasikiliza. Weye ulale. Kesho weye usikilize, miye nilale. Tupokezane. Hata miye niko na masikio, Amisi."

Nami nikasema, "Papa Amisi, sikukataze kuogopa. Mais usiogopee juu ya matela yangu. Kuko kiti hapa salon. Uogopee pale."

Alinitazama kana kwamba hakunisikia vizuri. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kimekauka, lakini Mama Zaina aliziba mdomo kwa kanga kama mtu aliyeona mgonjwa ameomba chakula.

Msifikiri mambo yaliisha hapo. Mwenye gari, aliyekuwa mjomba wake, alikubali kumweka kwenye parking kupanga abiria na mizigo, na wenzake wakamtania kwa hilo hadi akakaribia kupigana. Matela niliirudisha ileile ya tatu, niliyokwisha kuikung'uta udongo na kuigeuza. Gérant alinung'unika, kisha yeye mwenyewe akasaidia kuipandisha kwenye pikipiki. Kila siku ya soko Mama Zaina alipita ateliye kunipa habari. Kwanza viatu vilikubali kutoka mguuni lakini vililala juu ya kitanda, karibu na mkono wake. Baadaye vikashuka sakafuni, ncha zikitazama mlango. Chai ndiyo ilimsumbua zaidi. Kichwa kilimuuma kwa kuikosa. Kiti cha salon, pale sebuleni, kilifanya kazi sana. Alikaa pale, akarudi kitandani, akarudi kwenye kiti. Mama Zaina hakumwuliza kitu, alimwekea kitenge cha kujifunika tu.

Kisha kukawa na habari mbaya za barabara, na Papa Amisi akavaa viatu tena kwa siku nyingi. Mama Zaina alifika ateliye amekata tamaa, akaketi juu ya marobota ya sponji.

"Tumerudi nyuma, Mama."

Nilikwenda naye kwa Titulaire. Alifuta miwani yake. "Hatujarudi nyuma," akasema. "Kitambo hakujua kwamba anaweza kulala. Sasa anajua. Mulete." Safari hii Amisi alikubali kwenda hospitalini kwa yule msikilizaji, akaenda na tena akaenda. Alisema nini kule, sijui hadi leo, wala sikuuliza.

Baadaye kidogo, asubuhi moja, Mama Zaina aliingia mbio, kanga inamwanguka begani, akicheka na kulia.

"Mama Kahindo, nisaidie! Anakoroma!"

"Nani?"

"Amisi! Anakoroma sawa mashine ya kusaga mahindi. Sasa miye njo siko nalala tena!"

Mafundi wote walipiga makofi. Nilimshonea mto mrefu wa kumwekea mgongoni, ili alale kwa ubavu, na Gérant, mwenye bei zake zote, akaufunga kwa karatasi kama zawadi.

Papa Amisi alirudi kwenye usukani baada ya Titulaire na mjomba mwenye gari kuridhika. Haikupita muda mrefu, nikapigiwa simu kutoka Butembo: Patron amefariki. Alikuwa ameugua kimya, kama kawaida yake, bila kutaka mtu aache kazi kwa ajili yake. Niliposikia, nilikaa nikashona bila kujua ninashona nini. Siku zile sikupata usingizi, mimi niliyekuwa nimeufundisha kwa wengine. Papa Amisi alikuja mwenyewe kunichukua kwa mazishi. Alinipa kiti cha mbele, akanisaidia kufunga mlango, hakufungua redio.

Mnajua barabara ile tuliiogopa kiasi gani. Abiria waliipita wakishika rozari au tasbihi, kila mmoja na yake, macho kwenye vichaka. Mimi nilikumbuka sauti ya Patron, nikakumbuka namna alivyocheka nilipokosea kusoma, na nilipotaka kulia nikaona mikono ya Amisi juu ya usukani. Ilikuwa imetulia. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mikono hiyo. Niliposhtuka, gari lilikuwa limesimama Butembo, abiria wengine wameshuka, na Amisi ameketi palepale, amegeuza uso kwangu.

"Tumefika, Mama. Nilipita polepole, ju usiamuke."

Nilikwenda kumzika Patron nikiwa nimelala. Nadhani angefurahi kuliko maua.

Sikurudi Beni. Familia ya Patron iliniomba nishike ateliye ya Vulamba, nikaishika mpaka vidole vikakataa sindano. Siku ya kuniaga, Gérant alipanda kutoka Beni, sasa naye ana mvi na tumbo, akatoa hotuba ndefu iliyojaa bei za zamani, watu wakacheka, mimi nikalia. Vijana walinipa kitenge na mbuzi. Mbuzi alikula pembe ya kitenge kabla ya jioni.

Nimestaafu, lakini kulala bado nakufanya kama kazi. Mume wangu, baba wa watoto wangu, alipofariki, upande wake wa kitanda ulinitisha, na kwa majuma niliishi kama Papa Amisi, bila viatu tu. Nikajirudisha mwenyewe, kama tulivyomrudisha yeye. Alasiri natembea mpaka kanisani na kurudi, ili mwili uchoke kabla ya kichwa. Simu ya wajukuu inabaki salon. Machozi yangu nayalia mapema, kwenye kiti, nikiwa na mtu wa kunisikiliza kama yupo, na picha ya marehemu kama hayupo. Kuna siku inashindikana. Siku hiyo siihesabu kuwa ugonjwa, naamka saa yangu, nafungua dirisha, nauona mji, basi.

Wajukuu wananiuliza kama sijutii kushona vitu ambavyo leo vinatoka kiwandani. Sijutii. Ila nawaambia kwamba kazi ile ilinipa tabia mbaya moja. Asubuhi, kwetu, watu wakikutana huulizana kama wamelala vizuri, na kila mtu hujibu "muzuri" huku anaendelea na safari yake. Mimi siwezi. Nikiuliza, nasimama nangoja jibu.

Leo asubuhi nilikutana na Kavira, jirani yangu, mwanamke kijana ambaye mume wake anafanya biashara upande wa Beni. Alikuwa anatoka bombani na bidoni, yaani dumu la maji.

"Umelala muzuri, Kavira?"

"Muzuri, Mama. Wasingya."

Alishukuru hivyo kwa lugha ya kwetu, akapita. Mimi nikabaki nimesimama palepale, nikimtazama. Alipiga hatua kidogo, akasimama. Akageuka. Akaweka bidoni chini.

"Mais, Mama," akasema, "kusema kweli..."

Nikamshika mkono, tukaingia ndani.